SOMO LA AFYA: Baridi Yabisi na Moshi wa Sigara

Katika mitaa ya Jang'ombe, mtu akilalamika kuumwa na viungo, jawabu la kwanza analopewa ni kuwa amepatwa na baridi: ameoga usiku, au amelala sakafuni. Jina lenyewe la maradhi, baridi yabisi, limeipa nguvu dhana hiyo. Somo hili linaeleza jambo linalosahaulika, nalo ni moshi wa sigara.

Jina la baridi yabisi hukusanya maradhi kadhaa ya viungo. Yanayokusudiwa hapa ni yale ambayo kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, hushambulia utando laini unaozunguka viungo. Utando huo huvimba, na usipotibiwa, uvimbe hula gegedu na mfupa hata vidole vikapinda. Kwa mama anayeshona kofia au fundi seremala, kupotoka vidole ni kupotea riziki.

Moshi huingia kifuani; vipi basi udhuru vidole? Mapafu yanapochokozwa na moshi kila siku, baadhi ya protini za mwili hubadilika. Kinga huziona kuwa ngeni na kutengeneza kingamwili dhidi yake, ambazo huweza kuwamo katika damu miaka kadhaa kabla ya kiungo kuanza kuuma. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden, akiwamo Lars Klareskog, walieleza uhusiano huo, na kuonesha kuwa hatari huzidi sana kwa mvutaji aliyerithi vinasaba vya aina fulani. Kwa wanaume wanaovuta, tafiti zimeonesha hatari inayokaribia mara mbili ya wasiovuta.

Hii haimaanishi kuwa kila mvutaji ataugua, wala kuwa asiyevuta amesalimika. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume, hata wasiowahi kugusa sigara. Lakini urithi na jinsia havibadiliki, sigara huachika. Shisha nayo isidhaniwe kuwa salama, kwani maji yake hayaondoi sumu ya tumbaku.

Dalili za kuzingatia ni hizi:

- viungo vidogo vya mikono au miguu kuvimba na kuuma, aghalabu pande zote mbili;
- viungo kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa;
- uchovu usio na sababu ya wazi.

Mwenye dalili hizo kwa wiki kadhaa asitosheke na kuchua na dawa za maumivu za dukani. Afike kituo cha afya kilicho karibu naye, aeleze pia kama anavuta sigara, na ikihitajika apewe rufaa ya Hospitali ya Mnazi Mmoja. Dawa zinazotuliza kinga zipo, na zikianzwa mapema huviokoa viungo. Kwa anayeendelea kuvuta, dawa hizo mara nyingi hufanya kazi kwa udhaifu.

Hatari hupungua baada ya kuacha, ingawa huchukua miaka mingi. Ndiyo maana kuacha leo ni bora kuliko mwakani. Wavutaji wetu wengi hujizuia mchana kutwa katika mwezi wa Ramadhani, na huo ni ushahidi kuwa wanaweza. Kinachobaki ni kuuendeleza uwezo huo baada ya futari, na baada ya Sikukuu. Nao wanaokaa nao barazani wawasaidie kwa kutowakaribisha sigara.