Kiwanda Hakipimwi Getini



Hapa kwetu Ulemo, wilaya ya Iramba, alizeti ndiyo fedha. Ikishavunwa, watu hulipa madeni, hununua bati, na watoto hupata sare za shule. Basi mtu akija kijijini na kusema anataka kujenga kiwanda cha kukamua mafuta, wengi wetu hupiga makofi. Si vibaya. Lakini makofi yakiisha inafaa tuulize: kiwanda hiki kitatuletea nini, na kitatuondolea nini? Tena, tutajuaje?

Tuseme kiwanda kimekwisha jengwa. Ukimwuliza mzee mmoja atasema, "Kizuri, kimenunua magunia yangu yote." Ukimwuliza mama anayechota maji bondeni atasema, "Mbona maji siku hizi yananuka?" Nani mwongo? Hakuna. Kila mmoja amesema alichokiona pale aliposimama. Ndiyo maana tunasema kiwanda hakipimwi getini. Hupimwa kwa kuifuata mali yake safari nzima.

SAFARI YA ALIZETI

Mbegu hutoka dukani ikaenda shambani. Alizeti hutoka shambani ikaenda kwa mnunuzi, ikapanda gari, ikafika kiwandani. Mafuta huingia katika dumu, yakaenda dukani na mwisho jikoni. Mashudu huenda kwa wafugaji. Dumu likipasuka hutupwa. Safari hii wataalamu huiita mnyororo wa thamani. Ni mnyororo kwa sababu kila pete imeshika nyingine.

Kwa nini tufuate pete zote? Tarehe 24 Aprili 2013, huko Bangladesh, liliporomoka jengo liitwalo Rana Plaza. Ndani mlikuwa na viwanda vya kushona nguo. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Siku moja kabla, nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, lakini wafanyakazi waliambiwa warudi kazini. Nguo zile zilishonwa kwa ajili ya kampuni za Ulaya na Marekani. Jengo halikuwa lao. Ungezipima kampuni hizo kwenye maduka yao tu, ungeona sakafu safi na taa zinazong'aa. Hatari ilikuwa katika pete nyingine, mbali sana na duka.

TUPIME NINI?

1. Mizani. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Lumbesa ni kosa. Tufanye hesabu. Mkulima ameuza magunia 10 ya lumbesa, kila moja lina kilo 120, naye amelipwa kama ni kilo 100. Amepoteza kilo 20 mara 10, yaani kilo 200. Kama kilo moja ni shilingi 800, basi amepoteza shilingi 160,000. Labda aliyejaza lumbesa si mwenye kiwanda, ni mchuuzi aliyepita kijijini. Hata hivyo alizeti ile inaishia kiwandani, kwa hiyo hasara ile nayo iandikwe.

2. Kazi. Wameajiriwa wangapi? Wanawake wangapi? Wanalipwa lini, na kiasi gani? Wangapi wameumia? Watoto je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi za hatari.

3. Maji. Kiwanda kinachosafisha mafuta kwa magadi makali hutoa uchafu wenye sabuni na mafuta. Usipotunzwa vizuri utaingia mtoni. Tuulize unakwenda wapi. Tuulize pia kiwanda kinatumia madebe mangapi ya maji kwa siku, maana nchi yetu ya Singida ni kavu.

4. Kuni na moshi. Wapo wanaochemsha maji ya mtambo kwa kuni. Tuhesabu magari ya kuni kwa mwezi. Kuhusu gesi zinazoongeza joto la dunia, mwaka 2001 ulitolewa mwongozo uitwao Greenhouse Gas Protocol, ambao unatumiwa na kampuni nyingi duniani. Unagawa hesabu katika mafungu matatu. La kwanza ni moshi wa kampuni yenyewe, yaani mitambo yake na magari yake. La pili ni umeme inaonunua. La tatu ni yote yaliyo kabla na baada: mbolea, trekta la shambani, magari ya watu wengine, hadi dumu lililotupwa. Kwa kampuni nyingi fungu hili la tatu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo gumu kuhesabu.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza, anza mapema. Pima kisima kabla kiwanda hakijaanza kazi. Funga jiwe kwenye kamba, shusha, angalia maji yameanzia wapi, andika tarehe. Usipokuwa na kipimo cha kwanza, baadaye utabishana tu.

Pili, tumia kipimo kilekile, mahali palepale. Leo ukipima kwa pima na kesho kwa hatua za miguu, hesabu haitalingana.

Tatu, linganisha na kijiji kisicho na kiwanda. Maji yakipungua kote kote, huenda ni ukame. Yakipungua kwetu tu, hapo pana neno. Tusimsingizie mtu, na tusimfiche mtu.

Andika mazuri pia. Kama bei imepanda na vijana wamepata kazi, weka katika daftari. Daftari lenye ubaya mtupu halitaaminiwa, wala lenye sifa tupu.

NA SISI JE?

Hapa lazima tuseme kweli. Mkulima naye ni pete ya mnyororo. Tukifyeka miti ili kuongeza ekari za alizeti, miti ile imo katika hesabu ya mafuta yale. Tukimtoa mtoto shuleni ili apure alizeti, hilo nalo limo. Mama akilima, akipalilia na kuvuna, halafu fedha zikachukuliwa na baba peke yake, hilo pia ni la kuandika. Haitufai kupima moshi wa jirani huku wetu tumeufunika.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe Tathmini ya Athari kwa Mazingira kabla ya kuanza, na wananchi wanaoguswa watoe maoni yao. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vikundi viliposikiliza redio, vikajadili, vikachimba vyoo. Kukaa kikundi na kufanya kazi si jambo geni kwetu. Anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu anaweza kwenda katika mkutano mkuu wa kijiji na daftari mkononi. Manung'uniko husahaulika mkutano ukifungwa. Tarehe na kilo zilizoandikwa hubaki, na mtu atatakiwa kuzijibu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja pete zote za safari ya alizeti yenu tangu shambani hadi jikoni.
2. Mkulima ameuza magunia 6 yenye kilo 115, akalipwa kwa kilo 100 kila moja. Amepoteza kilo ngapi?
3. Ni kipimo gani mnaweza kuanza kukichukua wiki hii? Nani atakiandika?