Kufundisha Stadi Yenye Hatari: Mfano wa Wembe wa Kinyozi

Wahenga walinena, "Mtoto akililia wembe, mpe." Methali hii humwonya mkaidi, lakini haifai kuwa mbinu ya kufundishia. Mwalimu anayengoja jeraha lifundishe amelikabidhi jeraha kazi yake.

Mwanachuo aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Misima, wilayani Handeni, atakuta jembe na panga katika shamba la shule, na wembe wa kuchongea penseli darasani. Tangu Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, kazi za mikono zimehesabiwa kuwa sehemu ya elimu. Hivyo yatupasa kujua jinsi ya kuigawa kazi ya hatari katika hatua. Tumechagua wembe wa kukunja kwa kuwa hausamehi hatua iliyorukwa. Somo hili ni la wanachuo wenyewe, si la watoto.

Hatua ya 1: Kukijua chombo. Mwanafunzi ataje mpini, mgongo na makali. Kisha atazame wembe unavyopitishwa juu ya mkanda wa ngozi: mgongo hutangulia, makali hufuata. Ukigeuzwa, huukata mkanda na kujiharibu. Aelewe pia kuwa wembe butu ni hatari, maana humlazimisha mnyoaji kukandamiza.

Hatua ya 2: Mkono bila makali. Ajipake povu la sabuni, aliondoe kwa kijiti bapa. Hapa hujifunza mlalo wa wembe: kadiri ya nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi, yaani theluthi ya pembemraba.

Hatua ya 3: Makali bila ngozi. Alinyoe povu juu ya puto lililojazwa hewa. Puto likipasuka, kosa limeonekana na hakuna aliyeumia.

Hatua ya 4: Makali na ngozi. Ndevu zilainishwe kwa maji ya moto kiasi na povu. Mkono mmoja uivute ngozi, mwingine upitishe wembe kwa mapigo mafupi, kufuata zinakolalia ndevu, bila kukandamiza. Siku ya kwanza anyoe mashavu tu; kidevu na mdomo wa juu vingoje. Husemwa kuwa kinyozi hajinyoi. Naam, ajinyoaye huongozwa na kioo, na upande mmoja wa uso humlazimu kuvuka uso kwa mkono wake au kutumia mkono asiouzoea.

Usafi. Kila mtu awe na wembe wake, au atiliwe makali mapya. Virusi vya UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, huweza kuambukizwa kwa damu iliyobaki katika wembe. Kadhalika homa ya ini aina ya B. Kuupangusa kwa kitambaa hakutoshi.

Tathmini. Tusimpime mwanafunzi kwa haraka ya kumaliza. Tumwulize: hatua inayofuata ni ipi, na kwa nini haikutangulia? Anayejibu, "Bado sijawa tayari," na kutoa sababu, amefaulu swali hilo. Mwalimu asimcheke, wala asiruhusu wenzake wamcheke, kwani aibu ndiyo humsukuma mwanafunzi kushika makali kabla ya wakati.

Zoezi. Chagua panga au jembe. Andika hatua nne za kulifundisha kwa darasa la tano, ukianza na ile isiyoweza kumjeruhi mtoto. Kisha taja jambo moja utakalolishuhudia kwa macho yako kabla ya kumruhusu kuvuka kila hatua.