Kufunga Mwaka Kabla ya Kuufungua: Maandalizi ya Vikundi katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Desemba inapokaribia ukingoni, mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, ijulikanayo kwa jumla kama Eastlands, hujaa mikutano. Kaloleni, Jericho, Umoja, Dandora, Kayole na Mathare, vyama vya akina mama hugawana akiba iliyochangwa, kwaya huchagua viongozi, na timu za kandanda huhesabu wachezaji watakaobaki. Baadaye huja Januari pamoja na karo, sare za shule na kodi ya nyumba. Wakenya wameuundia mwezi huo jina la mzaha, Njaanuari, kwa kuunganisha maneno njaa na Januari. Mwanachama aliyeahidi kwa furaha mwezi wa Desemba kuchanga shilingi mia tano kila wiki, huanza kuukwepa mkutano. Kikundi kilichomaliza mwaka kwa pilau na nyimbo huweza kusambaratika kabla ya Pasaka.

Makala haya yanachunguza namna kiongozi anavyoweza kukitayarisha kikundi chake kwa mwaka mpya ili kisipatwe na balaa hilo. Hoja kuu ni kwamba maandalizi hayo si hotuba ya malengo. Ni kuufunga mwaka uliopita hadharani, kisha kuyatia malengo ya mwaka ujao ndani ya kanuni ambazo kila mwanachama anaweza kuziona na kuzihesabu.

Dhana ya Kiongozi na ya Mwaka

Ni vyema kuanza na maneno yenyewe. Nomino kiongozi inatokana na kitenzi ongoza, chenye nasaba moja na ongoa na ongoka. Kuongoka ni kunyooka, kufuata njia iliyo sawa. Kwa hiyo, kiongozi si yule anayetangulia mbele ya watu tu, bali ni yule anayeinyoosha njia yao. Njia nayo hainyooshwi kwa kutazama mbele pekee. Aghalabu kilichopinda kiko nyuma.

Dhana ya mwaka nayo ina funzo. Waswahili wa pwani, mbali na kalenda ya Kiislamu na ile ya kizungu, wana mwaka wao wa jua unaofunguliwa kwa Siku ya Mwaka, au Nairuzi. Huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, sherehe hiyo huitwa Mwaka Kogwa na hufanyika mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, kisha watu hula pamoja. Neno kogwa linatokana na koga, yaani kuoga. Ugomvi wa mwaka mzima hutolewa nje, ukapiganwa mbele ya watu na ukaisha. Kwa mtazamo huo, mwaka mpya haupokelewi na mtu aliyebeba uchafu wa mwaka wa jana.

Makunduchi ni mbali na Eastlands, na hakuna anayependekeza kwamba kamati ya chama cha akiba ichapane kwa migomba mtaani Umoja. Hata hivyo, mantiki ni ile ile: kusafisha kwanza, kuanza baadaye.

Kufunga Hesabu na Lugha ya Kuficha

Katika chama cha akiba, kusafisha ni kusoma daftari. Kiongozi mwema huhakikisha kwamba mweka hazina amesoma jina la kila mmoja, alichotoa, alichokopa na anachodaiwa, la kiongozi mwenyewe likiwemo. Zoezi hili huwaudhi wengi, ndiyo maana viongozi wengi hulikwepa kwa kauli tamu ya kusahau yaliyopita. Lakini wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Deni ambalo halikutajwa Desemba hugeuka kuwa uvumi Januari na mgawanyiko Februari.

Hapa mwanafunzi wa Kiswahili ana jambo la kuchangia. Chunguza tofauti kati ya sentensi hizi: "Fedha zilitumika" na "Mwenyekiti alitumia fedha." Sentensi ya kwanza imo katika kauli ya kutendeka, ambayo kisarufi haimpi mtenda nafasi. Kauli ya kutendwa huruhusu kusema fedha zilitumiwa na fulani. Kauli ya kutendeka haimtaji yeyote. Ni kauli yenye manufaa yake, lakini katika ripoti ya mwisho wa mwaka huwa kichaka cha kujifichia. Makosa yalitokea, risiti zilipotea, vikao havikufanyika: vitenzi vyote vipo, watu hawapo. Kiongozi anayetaka kuaminiwa mwaka mpya hana budi kuirejesha nafsi katika sentensi zake, hasa nafsi ya kwanza: nilichelewa, nilikosea, nitalipa.

Kuyatia Malengo Ndani ya Kanuni: Mfano wa Mathare

Baada ya kufunga huja kufungua. Mfano mashuhuri katika mitaa hii ni ule wa chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kijulikanacho kwa kifupisho chake cha Kiingereza, MYSA. Kilianzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, raia wa Kanada, kikiunganisha kandanda na usafi wa mitaa ya mabanda. Mitaro ilikuwa imeziba na marundo ya taka yalikuwa makubwa.

Waasisi wangeweza kutoa mawaidha kuhusu usafi kila mwanzo wa msimu. Badala yake, waliuingiza usafi katika msimamo wa ligi. Timu ilipata alama sita kwa kila kazi ya usafi iliyokamilisha, nyingi kuliko zile za kushinda mechi moja. Timu hodari uwanjani lakini isiyoshika sepetu ingeweza kupitwa na timu dhaifu yenye bidii. Lengo halikubaki katika kinywa cha kiongozi. Lilisomeka katika jedwali, na mtoto wa miaka kumi angeweza kulijumlisha.

Kanuni hiyo iligusa hata urithi wa uongozi. Vijana waliojitolea kufundisha wenzao, kuamua mechi na kusafisha mitaa walijikusanyia alama, na waliofanya vyema walilipiwa karo moja kwa moja shuleni. Wasichana walianza kucheza mwaka 1992. Mwaka huo huo chama kilipata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utunzaji wa mazingira, iitwayo Global 500. Timu yake ya wakubwa, Mathare United, iliundwa mwaka 1994.

Januari ya 2008

Mwaka mpya haushauriani na mipango ya mtu. Wakenya walipiga kura tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30, ghasia zilizuka. Mwaka 2008 uliingia huku Mathare, Dandora na mitaa mingine ikishuhudia moto na mauaji kati ya majirani. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari.

Hakuna kiongozi wa timu aliyeandika jambo hilo katika ratiba yake. Pamoja na hayo, vikundi havikuikuta Januari hiyo vikiwa sawa. Kikundi kilichojengwa juu ya kabila kilikuwa tayari kimekwisha kuchagua upande. Timu za MYSA zilikuwa zimepangwa kwa kanda za makazi, si kwa lugha za nyumbani. Wavulana wa jamii mbalimbali walikuwa wamezibua mtaro mmoja na kugawana alama zake. Katika msimu wa mwaka huo huo, Mathare United ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya. Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba mpangilio huo ndio ulioleta kombe. Linaloweza kusemwa ni kwamba timu hiyo ilipata la kushindania pamoja katika mwaka ambao mtaa wake ulikuwa umegawanyika.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba maandalizi ya mwaka mpya yana hatua mbili zisizobadilishana nafasi. Kwanza, hesabu na ugomvi wa mwaka unaokwisha vitolewe hadharani, kwa lugha inayomtaja mtenda. Pili, kile ambacho kiongozi anakithamini kipewe alama, zamu na nafasi katika daftari, ili kidumu hata siku ambayo yeye hayupo au mtaa umewaka moto. Hotuba ya Desemba husahaulika pilau inapoisha. Kanuni ambayo wanachama wenyewe wanaihesabu ndiyo itakayowafikisha upande wa pili wa Njaanuari.