Kwa nini rangi hupotea usiku

SWALI: Naishi Maungu, wadi ya Marungu. Mchana udongo wetu ni mwekundu, hata ndovu wa Tsavo ni wekundu, lakini giza likiingia vyote huwa kijivu. Taa za malori ya barabara ya Mombasa zikinimulika, sioni kitu kwa muda. Je, macho yangu yana kasoro? – Msomaji, Maungu

JIBU: Jicho huona kitu kwa mwanga unaotoka kwenye kitu hicho. Mwanga wa jua una rangi zote zilizochanganyika. Udongo wa Marungu una kutu ya chuma, inayofyonza buluu na kijani na kurudisha nyekundu. Ngozi ya ndovu ni ya kijivu. Wekundu ni wa vumbi wanalojirushia.

Mwanga unaotoka kwenye kitu hupitia mboni, hukusanywa na lenzi na kuangukia retina, utando wa nyuma ya jicho. Retina ina seli za koni, takriban milioni 6, zinazotambua rangi lakini zinahitaji mwanga wa kutosha. Seli za vijiti, zaidi ya milioni 100, huona kwenye mwanga hafifu ila hazitofautishi rangi. Kwa hiyo ukijivu wa usiku si ugonjwa.

Vijiti hutumia rodopsini, kemikali inayotengenezwa kwa vitamini A. Taa kali huivunja, na jicho huhitaji hadi nusu saa kulizoea giza kikamilifu tena. Lori likija, mtembea kwa miguu atazame kando ya barabara, asimame mbali na lami mpaka aone vizuri.

Kuna dalili zisizopaswa kupuuzwa. Anayejikwaa magharibi ilhali wenzake wanaona huenda amepungukiwa na vitamini A, ambayo hupatikana kwenye maini, mchicha, papai na maembe. Watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone yake kliniki kila miezi sita. Kuona ukungu au duara kuzunguka taa kunaweza kuwa mtoto wa jicho au presha ya macho. Mwenye dalili hizi, na kila mwenye kisukari, apimwe macho mapema katika hospitali iliyo karibu, kwa kuwa uoni ulioharibiwa na presha ya macho haurudi.