Farasi wa Kodi na Farasi wa Injini

Wauzaji wa magari ya zamani nchini Uingereza huyatambulisha kwa jina la kiwanda, mwaka wa kutengenezwa, na tarakimu moja au mbili. Katika matangazo yao husomwa majina kama Austin 7, Riley 9, Alvis 12/50, Rolls-Royce 20/25 na Bentley ya lita 3. Magari yanayotafutwa sana miongoni mwao ni yale yaliyotengenezwa katika kipindi cha kati ya vita kuu viwili vya dunia. Wapenzi wa magari hayo walianzisha Vintage Sports-Car Club mwaka 1934, na kwa kawaida ya klabu hiyo mwisho wa mwaka 1930 ndio mpaka wa magari yanayostahili heshima ya juu ya ukale.

Mnunuzi asiye na habari aghalabu hudhani kwamba tarakimu zile ni kipimo cha nguvu ya injini. Akiona 7 na 12, hukata shauri kwamba gari la pili lina nguvu inayokaribia mara mbili ya lile la kwanza. Fikira hiyo ni ya kawaida, lakini si sahihi. Makala haya yaeleza tarakimu hizo zilitoka wapi, zinapima nini hasa, na jinsi kanuni moja ya hesabu ilivyobadili umbo la injini za nchi nzima.

KANUNI YA KODI

Tangu tarehe 1 Januari 1921, kila mwenye gari nchini Uingereza alipaswa kulipa kodi ya pauni 1 kwa mwaka kwa kila farasi mmoja wa injini yake. Sehemu ya farasi ilihesabiwa kuwa farasi mzima. Serikali haikuweza kuipima kila injini katika maabara. Kwa hiyo ilitumia kanuni nyepesi ambayo Klabu ya Magari ya Kifalme ilikuwa imekwisha kuibuni. Kanuni yenyewe ni hii:

F = D² × n ÷ 2.5

Hapa F ni idadi ya farasi wa kodi, D ni kipenyo cha silinda kwa inchi, na n ni idadi ya silinda. Ikiwa kipenyo kimepimwa kwa milimita, 2.5 hubadilishwa kuwa 1,613.

Tuchukue mfano wa Austin 7, gari dogo lililotangazwa mwaka 1922. Injini yake ya mwaka 1923 na kuendelea ilikuwa na silinda 4 zenye kipenyo cha inchi 2.2. Kipeo cha pili cha 2.2 ni 4.84; mara 4 ni 19.36, kugawa kwa 2.5 ni 7.74. Mwenye gari hilo alilipa pauni 8. Ford ya Modeli T, iliyobuniwa Marekani, ilikuwa na silinda 4 zenye kipenyo cha inchi 3.75. Kanuni huipa farasi 22.5, na mwenyewe alilipa pauni 23. Tofauti ya pauni 15 kila mwaka haikuwa jambo dogo kwa mwalimu au karani wa siku zile.

KITU KILICHOSAHAULIWA

Msomaji aitazame tena kanuni hiyo. Ndani yake mna kipenyo na idadi ya silinda, basi. Urefu wa mpigo, yaani umbali ambao pistoni husafiri kutoka juu hadi chini, haumo. Idadi ya mizunguko ya injini kwa dakika haimo. Kanieneo la gesi ndani ya silinda pia halimo.

Fizikia hata hivyo yasema kwamba nguvu, yaani kazi inayofanywa katika kila sekunde, hutegemea mambo hayo yote. Kwa injini ya mipigo minne:

Nguvu = k × A × L × N × n ÷ 2

k ni kanieneo la wastani linaloisukuma pistoni, A ni eneo la uso wa pistoni, L ni urefu wa mpigo, N ni mizunguko kwa sekunde, na n ni idadi ya silinda. Tunagawa kwa 2 kwa sababu kila silinda huwaka mara moja tu katika mizunguko miwili.

Waliobuni kanuni ya kodi hawakuwa wajinga. Walichukulia kwamba pistoni ya kawaida husafiri kwa mwendo wa wastani wa futi 1,000 kwa dakika, yaani karibu mita 5 kwa sekunde, na kwamba kanieneo la manufaa ni karibu kilopaskali 465. Mambo hayo mawili yakishafungwa, nguvu huwiana na eneo la pistoni peke yake, na eneo huwiana na kipeo cha pili cha kipenyo. Kwa injini za mwanzo wa karne ya 20 makisio hayo hayakuwa mabaya. Ford ya Modeli T ni ushahidi: nguvu yake halisi ilikuwa farasi 20, ilipozunguka mara 1,600 kwa dakika. Mpigo wake ulikuwa inchi 4. Kwa hiyo mwendo wa pistoni ulikuwa futi 1,067 kwa dakika, karibu sawa na makisio ya kanuni.

Hitilafu ilitokea pale kipimo kilipofanywa kuwa msingi wa kodi. Tangu hapo kila mhandisi alikuwa na sababu ya kupunguza kile kinachopimwa, na kuongeza kile kisichopimwa.

JIBU LA WAHANDISI

Bentley ya lita 3, iliyoshinda mashindano ya Le Mans mwaka 1924 na mwaka 1927, inaonyesha jibu hilo waziwazi. Silinda zake 4 zilikuwa na kipenyo cha milimita 80, lakini mpigo wake ulikuwa milimita 149, karibu mara mbili ya kipenyo. Ujazo wake ulifika sentimita za ujazo 2,996. Mbele ya mtoza kodi gari hilo lilikuwa na farasi 15.9 tu, pungufu ya Ford ya Modeli T. Barabarani injini yake ilitoa farasi 70 hivi, ilipozunguka mara 3,500 kwa dakika.

Farasi hao walitoka wapi? Hesabu yake si ngumu. Katika kila mzunguko pistoni husafiri mara mbili ya mpigo wake. Kwa hiyo mwendo wake wa wastani ni 2 × 0.149 × 3,500 ÷ 60, yaani mita 17.4 kwa sekunde. Hii ni mara 3.4 ya mwendo uliochukuliwa na kanuni. Kanieneo nalo lilipanda hadi karibu kilopaskali 600, yaani mara 1.3 ya makisio, kwa sababu kila silinda ilikuwa na valvu 4 zilizoiwezesha kupumua vizuri. Tukizidisha 15.9 kwa 3.4 na kwa 1.3, tunapata 70. Farasi wote wameonekana, na wengi wao wamo katika mwendo wa pistoni, jambo ambalo kodi haikuligusa.

Magari ya watu wa kawaida yalifuata njia iyo hiyo. Orodha ifuatayo yaonyesha uwiano wa mpigo kwa kipenyo:

Ford ya Modeli T: inchi 4 kwa 3.75, uwiano 1.07
Austin 7: inchi 3 kwa 2.2, uwiano 1.36
Morris Cowley ya farasi 11.9: milimita 102 kwa 69.5, uwiano 1.47
Ford ya Modeli Y: milimita 92.5 kwa 56.6, uwiano 1.63
Bentley ya lita 3: milimita 149 kwa 80, uwiano 1.86

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Ford ya Modeli Y, iliyotokea mwaka 1932, ilikusudiwa soko la Uingereza na Ulaya, ilhali Modeli T ilibuniwa kwa ajili ya Marekani. Jina la kampuni lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni sheria. Hata Ford ya Modeli A ilitolewa Uingereza katika namna mbili zenye mpigo mmoja wa inchi 4.25. Ya kwanza ilikuwa na kipenyo cha inchi 3.875 na farasi wa kodi 24. Ya pili ilipunguzwa kipenyo hadi inchi 3.05 ili iwe na farasi 14.9. Kodi ikashuka kutoka pauni 25 hadi 15, na ujazo wa injini ukashuka kutoka karibu lita 3.3 hadi lita 2.

GHARAMA YA MPIGO MREFU

Hapana faida isiyo na gharama. Pistoni husimama kabisa mara mbili katika kila mzunguko, juu na chini, kisha huanza safari upya. Kusimama na kuanza huko kunadai kani kubwa. Mchapuko wa pistoni inapokuwa juu hukaribia ω²r, ambapo r ni nusu ya mpigo. Kwa Bentley ile, r ni mita 0.0745, na ω ni radiani 366.5 kwa sekunde. Mchapuko unaopatikana ni kama mita 10,000 kwa sekunde kwa sekunde, zaidi ya mara 1,000 ya mchapuko wa mvutano wa dunia. Kwa kweli huwa mkubwa zaidi, kwani mkono unaounganisha pistoni na kranki huongeza sehemu yake. Kani hiyo yote hubebwa na mkono huo pamoja na beringi zake.

Tuseme mhandisi angeruhusiwa kutengeneza injini ya ujazo ule ule, lakini yenye mpigo sawa na kipenyo. Kila kimoja kingekuwa milimita 98.4, na kwa mizunguko 3,500 mwendo wa pistoni ungekuwa mita 11.5 kwa sekunde badala ya 17.4. Silinda ingekuwa pana, yenye nafasi ya valvu kubwa zaidi. Lakini farasi wa kodi wangepanda kutoka 15.9 hadi 24. Hivyo injini iliyochakaa polepole ndiyo iliyotozwa zaidi.

Wanunuzi wa nchi za ng'ambo hawakuwa na sababu ya kununua injini iliyochongwa ili kukwepa kodi ya nchi nyingine. Wenye viwanda wa Uingereza walilalamika kwamba kodi iliwazuia kushindana na Wamarekani. Kiwango kilipunguzwa mwaka 1935 hadi shilingi 15 kwa farasi. Kwa magari mapya kanuni yenyewe iliachwa mwaka 1947, ikawekwa kodi ya ujazo; na mwaka 1948 ikawekwa kodi ya namna moja, pauni 10 kwa kila gari. Matokeo hayakukawia. Ford Consul ya mwaka 1950 ilikuwa na ujazo wa sentimita 1,508, pungufu kidogo ya Morris Cowley ya zamani yenye 1,548. Lakini kipenyo chake kilikuwa milimita 79.4 na mpigo 76.2. Kwa kanuni ya kale ingelipa pauni 16. Morris ililipa 12.

KUSOMA TANGAZO

Sasa mnunuzi aweza kulisoma tangazo. Katika Alvis 12/50, 12 ni farasi wa kodi na 50 ni farasi wa injini kama walivyotangazwa na kiwanda. Silinda zake 4 za milimita 68 huthibitisha tarakimu ya kwanza: kanuni hutoa 11.5, inayolipiwa kama 12. Tarakimu ya pili haiwezi kuthibitishwa kwa rula. Yahitaji kupimwa injini ikiwa inafanya kazi, na baada ya miaka mingi ya kuchakaa na kutengenezwa huenda isiwe kweli tena.

Hata hivyo, mazoea hayo si sheria. Katika Rolls-Royce 20/25, iliyotengenezwa tangu 1929 hadi 1936, 25 si nguvu halisi. Silinda zake 6 za inchi 3.25 hutoa farasi 25.35 wa kodi. Na 20 ni kumbukumbu ya gari lililoitangulia. Kampuni hiyo haikuwa na desturi ya kutangaza nguvu halisi. Mtu akilipa fedha nyingi kwa kufuata tarakimu asiyoijua maana yake, amenunua hesabu ya kodi akidhani amenunua injini.

Somo hili halihusu Uingereza peke yake. Nchini Tanzania, kwa mfano, viwango vya ushuru wa bidhaa kwa magari ya abiria vimepangwa kwa ujazo wa injini, na mipaka imewekwa kwenye sentimita za ujazo 1,000 na 2,000. Mwanafunzi akichunguza magari yaliyoegeshwa mjini ataona injini nyingi za 1,998 au 1,496, na chache sana zinazozidi mpaka kidogo tu. Kipimo chochote kinachotozwa kodi huacha alama yake katika chuma.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Riley 9 ilikuwa na silinda 4 zenye kipenyo cha milimita 60.3. Tafuta farasi wake wa kodi, na kodi aliyolipa mwenyewe mwaka 1930.

2. Kwa kutumia kilopaskali 465 na mita 5.08 kwa sekunde, onyesha kwamba silinda moja yenye kipenyo cha inchi 1 hutoa takriban farasi 0.4. (Farasi 1 ni wati 746, inchi 1 ni milimita 25.4.)

3. Injini mbili zina kipenyo kimoja na idadi moja ya silinda, lakini mpigo wa moja ni mara mbili ya mwingine. Je, kodi zao zatofautianaje chini ya kanuni ya 1921? Chini ya kodi ya ujazo, je?

4. Darasa lijadili: ikiwa kusudi la serikali ni kupunguza matumizi ya mafuta, ni kitu gani kipimwe na kutozwa kodi, na wahandisi watakikwepa kwa njia gani?