Ukuta wa Udongo: Kinga ya Baridi Bila Jiko Chumbani

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Nairobi huwafanya baadhi ya wakazi wa Kibera na Kawangware kulala na jiko la makaa chumbani. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo inaweza kuua familia nzima usingizini. Kinga ya kudumu ni nyumba inayotunza joto yenyewe.

Somo kutoka kwa jiko
Jiko la bati tupu hupoa upesi. Lile lenye udongo uliochomwa ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hutunza joto na kupunguza makaa. Nyumba ni vivyo hivyo. Ukuta wa bati huwa moto mchana na hupoa mara jua linapotua. Ukuta mnene wa udongo hupokea joto polepole mchana na kulirudisha usiku.

Kibera, ambako Wanubi waliweka makazi mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba za fito na udongo si jambo geni. Adui yao mkubwa ni maji.

Pima udongo
Jaza chupa angavu udongo hadi theluthi moja, ongeza maji, tikisa, kisha iache siku nzima. Mchanga hukaa chini, mfinyanzi juu. Mchanga ukizidi nusu, udongo unafaa kwa matofali ya simiti. Mfinyanzi ukizidi, ongeza mchanga. Udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka haufai.

Tengeneza matofali
Chekecha udongo na uuchanganye na simiti. Kwa kawaida ndoo 1 ya simiti kwa ndoo 10 hadi 20 za udongo, kulingana na matokeo ya majaribio. Ongeza maji kidogo, kisha shindilia kwa mashine ya mkono. Matofali haya hayachomwi, hivyo kuni haihitajiki. Yafunike kwa nailoni na kuyanyunyizia maji kwa angalau siku 7, kisha yaache yakomae hadi siku 28.

Zuia maji
Anza na msingi wa mawe ulioinuka angalau sentimita 30 juu ya ardhi. Paa litokeze nje ya ukuta, na mtaro upeleke maji mbali na nyumba. Usijenge kando ya mto.

Usisahau paa
Joto jingi hupotelea kwenye mabati. Dari ya mbao nyembamba, yenye nafasi ya hewa juu yake, hupunguza baridi ya usiku na joto la mchana. Usitumie karatasi wala nailoni. Hushika moto haraka. Mpangaji anaweza kukubaliana na mwenye nyumba kuanza na dari hiyo hata kama kuta ni za mabati.

Ziba nyufa, lakini usizibe matundu ya hewa. Hata katika nyumba yenye joto, jiko lizimwe na litolewe nje kabla ya kulala. Anayepata kizunguzungu au kuumwa kichwa karibu na jiko atolewe nje mara moja na apelekwe hospitalini.

Kabla ya kujenga
Ramani ya nyumba iidhinishwe na Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi kabla ya msingi kuchimbwa. Mruhusu fundi aanze kazi baada ya idhini hiyo kutolewa.