Dawa ya Maji: Tuiogope au Tuitumie?

Huenda umewahi kusikia kisimani mtu akisema, "Hiyo dawa ya maji inaleta saratani. Mimi siitii." Je, ni kweli?

Dawa hiyo ni klorini. Huua vijidudu vya maradhi ndani ya maji. Lakini ina jambo lake. Mwaka 1974 Johannes Rook, mtaalamu wa maji wa mji wa Rotterdam, Uholanzi, alieleza kuwa klorini ikikutana na mabaki ya majani yaliyooza katika maji, huzaliwa vitu vipya. Kimoja ni klorofomu. Wanyama waliopewa klorofomu nyingi katika majaribio walipata saratani. Kwa binadamu, wataalamu bado wanabishana juu ya waliokunywa maji yenye vitu hivyo kwa miaka mingi.

Basi tupime. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo: klorofomu isizidi miligramu 0.3 kwa lita moja. Katika ndoo ya lita 20 ni miligramu 6, kama robo ya punje moja ya mchele. Na kikomo hicho ni kwa mtu anayekunywa maji hayo kila siku, maisha yake yote.

Kipindupindu hakingoji hivyo. Kilizuka Zanzibar mwaka 1978, na tangu hapo kimerudi mara nyingi, Pemba ikiwemo. Mtu aliyeamka mzima asubuhi anaweza kufa kabla ya usiku akikosa matibabu. Ndiyo maana Shirika hilohilo linasema hatari ya vitu hivi ni ndogo mno kuliko hatari ya kunywa maji yasiyotiwa dawa. Anayeacha dawa kwa kuogopa saratani anakimbia mvua na kuingia baharini.

Kuchemsha pia kunafaa, ila kuni zina taabu yake. Tena maji yaliyopoa hayana kinga mkono mchafu ukiingia.

Cha kufanya ni kupunguza uchafu kwanza. Wakati wa masika maji ya mtoni na ya visima vya wazi huwa na tope. Yaache yatulie ndooni mpaka tope lizame. Yamimine polepole katika ndoo nyingine, yapite kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara nne. Kanga kuukuu iliyofuliwa yatosha. Hapo ndipo utie dawa. Tope hula dawa, kwa hiyo ukiitia katika maji machafu, vijidudu vingine hubaki hai.

Soma kipimo kwenye pakiti, sasa unajua kusoma. Usizidishe! Funika, ngoja nusu saa, kisha teka kwa kata yenye mpini.

Jadilianeni darasani: Kisima chenu kiko chini ya miembe au mikarafuu? Kina mfuniko? Nani huondoa majani yanayoanguka ndani?